Flavonoidi za kwenye vyakula na lehemu ya damu: zinashusha kweli, na zinashusha kiasi gani?

Mfamasia wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo linalonikosesha raha kazini. Nipo duka la dawa hapa Tanga, na siku hizi wateja wanaotumia statini (dawa za kushusha lehemu) wanakuja kuniambia wameziacha. Ukiuliza kisa, utaambiwa wamepata vidonge vya "flavonoidi asilia" vinavyosafisha mishipa, au wamesikia kwamba rosela na chai ya kijani vinatosha. Mmoja wao alishapata kiharusi huko nyuma. Sitaki kuwabeza, maana nyuma ya maneno hayo ipo sayansi ya kweli. Tatizo ni kipimo: kitu kinachosaidia kidogo kinauzwa kama kitu kinachoponya.

Tuanze na lehemu, au kolestro kama wengi tunavyoiita. Mwili unaihitaji kujenga kuta za seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa ya hiyo lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwemo, haitoki kwenye sahani. Husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na vibebeo vya mafuta na protini, vikiwemo LDL na HDL. LDL huitoa kwenye ini kuipeleka mwilini, na ikizidi hupenya kwenye ukuta wa mshipa, ikaoza pale na kujenga utando mgumu. HDL husaidia kuirudisha. Triglisaridi ni mafuta ya aina nyingine, nayo hupanda sana kwa sukari, pombe na uzito uliozidi.

Flavonoidi ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea kwa rangi na kwa kujikinga na jua kali na wadudu. Zimeshatambuliwa zaidi ya 6,000. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na mwenzake István Rusznyák, Wahungari, walidhani wamepata vitamini mpya na wakaiita vitamini P. Jina hilo liliachwa miaka ya 1950 kwa sababu mtu asipozila haugui ugonjwa wa upungufu. Ila hamu ya kuzichunguza haikuisha, na makundi yanayotuhusu ni haya: kwesetini na kemferoli (vitunguu, sukuma wiki, majani ya mlonge), katekini (chai, kakao), hesperidini na naringini (machungwa na jamii yake), antosiyanini (rosela, zambarau, viazi vitamu vya zambarau, ganda la biringanya), na isoflavoni (soya).

Utafiti uliowasha moto ulitoka Uholanzi, mji wa Zutphen, ukachapishwa mwaka 1993. Wazee wanaume 805 wa miaka 65 hadi 84 waliulizwa wanakula nini, kisha wakafuatiliwa miaka mitano. Kati ya waliokuwa wanapata flavonoidi nyingi, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wachache kuliko kwa wenzao. Asilimia 61 ya flavonoidi zao zilitoka kwenye chai, 13 kwenye vitunguu, 10 kwenye tufaha. Vyakula vya kila siku kabisa.

Lakini mtafiti huyohuyo, Michaël Hertog, alikwenda Caerphilly kule Wales, akaangalia wanaume wapatao 1,900 kwa miaka 14, na mwaka 1997 akatoa matokeo: hakuna kinga iliyoonekana. Wale wa Wales walikunywa chai kwa maziwa, na wanywaji wakubwa wa chai walikuwa pia na maisha mengine yanayoumiza moyo. Kwa hiyo kuuliza watu wanakula nini hakutoshi. Inabidi uwape kitu, wengine uwape kisicho na kitu, halafu upime damu.

Vipimo vya aina hiyo vipo. Mwaka 2011 zilikusanywa tafiti 14 za chai ya kijani zenye watu 1,136. Lehemu yote ilishuka kwa wastani wa miligramu 7.2 kwa desilita, LDL ikashuka kwa 2.2 tu. HDL haikutikisika. Sasa mchukue mtu mwenye LDL ya 160. Chai ya kijani inamshusha hadi 158 hivi. Atorvastatini, mojawapo ya statini, ya miligramu 10 inamshusha hadi karibu 100. Hapo ndipo ninapotaka tusimame wakati tunajadili: zinashusha, ndiyo, na tuzile, ila hazichukui nafasi ya dawa kwa mtu aliyeandikiwa kwa sababu.

Karibuni kwa maswali.

---

Mama Salma

Asante sana ndugu mfamasia. Mimi nauza juisi ya rosela hapa mtaani, na wateja wangu wengi ni watu wa presha. Nawaambia inashusha presha na mafuta. Nawadanganya?

---

Mfamasia wa Pwani

Mama Salma, kwenye presha hujawadanganya. Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kiliwapa watu 65 waliokuwa na presha iliyopanda kidogo vikombe vitatu vya chai ya rosela kwa siku, kwa wiki sita. Presha ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7.2, wakati waliopewa kinywaji cha kuigiza walishuka 1.3. Utafiti huo ni wa mwaka 2010 na ulifanywa vizuri.

Kwenye mafuta ya damu hali haijanyooka hivyo. Tafiti nyingine zinaonyesha LDL inashuka kidogo, nyingine hakuna kitu. Ningekushauri uwaambie presha, mafuta usiyaahidi.

Na mama yangu, la muhimu kuliko yote hapo ni sukari. Rosela ina uchachu mkali na tunaizoea ikiwa na sukari nyingi. Mwenye triglisaridi juu akinywa bilauri mbili za hiyo kila siku, anaongeza kile alichokuja kukipunguza. Ukiweza, tenga jagi la wagonjwa lisilo na sukari, weka tangawizi, mdalasini na kipande cha nanasi. Watalizoea.

---

Mama Salma

Nitajaribu hilo la jagi la pembeni. Kuna wazee wawili watalifurahia, wameshakatazwa sukari na watoto wao.

---

Mzee Kirumba

Vijana, mimi nimezaliwa kabla ya uhuru. Wazee wetu Mwanza walikula samaki, mtama, mlenda na majani ya kunde. Hakuna aliyejua kolestro ni nini. Leo kila nyumba ina mgonjwa wa moyo na kila mgonjwa ana mfuko wa vidonge. Mimi naona haya makampuni ya dawa yanatuficha kwamba tiba iko shambani, ili waendelee kuuza.

---

Mfamasia wa Pwani

Shikamoo mzee wangu.

Kwenye chakula cha zamani niko nawe kwa moyo wote. Mtama mwekundu ule uliokobolewa kidogo una flavonoidi za aina ambayo ni adimu kwenye nafaka nyingine, na majani ya kunde yana kwesetini. Juu ya hapo ulikuwa na nyuzinyuzi nyingi, mafuta kidogo, na kazi ya jembe tangu alfajiri. Ukichukua hicho chakula ukakipeleka mjini kwa mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima, kitamsaidia, ila hakitafanya yote kiliyoyafanya kule. Tena zamani hatukuwa na mahali pa kupima, na mtu aliyeanguka ghafla shambani alizikwa bila kujulikana kilichomuua.

Kuhusu dawa kufichwa shambani: mzee, statini zenyewe zimetoka kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo alipekua maelfu ya kuvu akitafuta kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu, na mwaka 1973 akakipata kwenye kuvu wa jamii ya penisilini. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Asili haijafichwa. Ilichunguzwa, ikapimwa dozi, ikajaribiwa kwa watu wengi sana kwa miaka. Flavonoidi nazo zinachunguzwa hivyohivyo, na zile zitakazofaulu mtihani huo nitaziuza kwa furaha.

---

Mzee Kirumba

Marahaba. Hilo la kuvu sikulijua. Naendelea kusoma.

---

Chebet wa Kericho

Salaam kutoka Kenya. Huku kwetu chai ndiyo maisha, kwa hivyo uzi huu umenigusa. Nina maswali mawili. Chai yetu ni nyeusi, si ya kijani, je, hizo katekini bado ziko? Na sisi tunapika chai na maziwa nusu kwa nusu. Nilisoma mahali kwamba maziwa yanaua faida yote. Ni kweli?

---

Mfamasia wa Pwani

Dada Chebet, karibu.

Jani la chai ni lilelile. Chai nyeusi huachwa ikapata hewa mpaka ikageuka rangi, na hapo katekini nyingi huungana zikawa kemikali kubwa zaidi, teaflavini na nyinginezo, ambazo ndizo zinazoipa rangi ile nyekundu. Nazo zinafanya kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwapa watu 15 wenye lehemu iliyopanda kidogo vikombe vitano vya chai nyeusi kwa siku kwa wiki tatu, huku vyakula vyao vyote vikidhibitiwa. LDL ilishuka kwa asilimia 11 ikilinganishwa na kinywaji cha kuigiza chenye kafeini. Ni watu wachache mno kujengea sheria, ila strungi si maji matupu.

Maziwa: hapa watafiti wamegongana. Mwaka 2007 Wajerumani wa hospitali ya Charité, Berlin, waliwapima wanawake 16 na wakakuta chai ya rangi inalegeza mishipa ya damu, lakini ukitia maziwa faida hiyo inatoweka, kwa sababu protini ya maziwa inazing'ang'ania katekini. Wengine waliopima katekini zilizoingia kwenye damu walikuta maziwa hayabadilishi kitu. Kwa maoni yangu, kikombe cha asubuhi cha maziwa kunywa kwa raha zako, na vingine vya mchana fanya strungi. Ukipunguza maziwa yenye mafuta umepunguza pia mafuta yanayopandisha LDL, na faida hiyo haina ubishi.

Na Kenya mna chai ya zambarau, TRFK 306, waliyoitoa watafiti wenu wa chai mwaka 2011. Ina antosiyanini ambazo chai ya kawaida haina.

Tahadhari moja kwa akina mama wajawazito na wenye upungufu wa damu: chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Msinywe pamoja na chakula, subirini saa moja au mbili.

---

Chebet wa Kericho

Asante sana, umenieleza vizuri. Shangazi yangu analima hiyo ya zambarau. Bei haijawafurahisha wakulima, kwa hivyo nyingi inaenda kiwandani pamoja na ile ya kawaida. Nitamwambia atuwekee ya nyumbani.

---

Bin Hamadi

Assalaam alaykum. Naona watu wanazungumza chai, na sisi watu wa baraza kahawa mmetusahau. Hapa Unguja kahawa chungu tunakunywa jioni kila siku, imechemshwa kwenye dele mpaka imekolea. Kahawa si mmea pia? Si ina hizo flavonoidi?

---

Mfamasia wa Pwani

Waalaykum salaam, kaka Bin Hamadi. Swali zuri, na jibu lake huenda lisipendeze barazani.

Kahawa ina kemikali nyingi nzuri lakini flavonoidi ndani yake ni kidogo. Ina kitu kingine kiitwacho kafestoli, mafuta ya ndani ya buni, nacho hupandisha LDL. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, waliona kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa wana lehemu nyingi kwenye damu. Baadaye ikabainika kwamba kisa ni kuchemsha: watu wa kule huchemsha kahawa bila kuichuja, kama ninyi. Karatasi ya kuchujia huzuia karibu kafestoli yote.

Finjani ni ndogo, kwa hiyo mtu mwenye vipimo vizuri anayekunywa mbili tatu jioni simkatazi baraza lake. Mwenye LDL iliyopanda na anayekunywa nyingi, aipitishe kwenye karatasi ya kuchujia kabla ya kuimimina kwenye finjani. Ladha itapungua uzito kidogo, tangawizi na hiliki zitabaki.

---

Bin Hamadi

Wallahi hili sijapata kulisikia. Nitalifikisha barazani, ingawa najua watakaonikatalia ni wepi.

---

Dokta Mtarajiwa

Mkuu, mimi nasoma udaktari mwaka wa nne. Umetoa takwimu nyingi lakini hujaeleza zinafanyaje kazi. Naomba nichangie, unisahihishe.

Kwanza ndani ya utumbo: katekini za chai huvuruga vile vitone vidogo vya nyongo na mafuta vinavyobeba lehemu, hivyo sehemu yake haifyonzwi, inatoka na choo. Pili kwenye ini: kwenye maabara, flavonoidi kadhaa huongeza vipokezi vya LDL, ile milango inayoitoa LDL kwenye damu. Waliogundua vipokezi hivyo, Brown na Goldstein, walipata Nobeli mwaka 1985, na statini nazo mwishoni hufanya kazi kwa kuongeza milango hiyohiyo. Tatu kwenye mshipa: hupunguza kuoza kwa LDL, na kakao na chai husaidia mishipa kulegea.

Kinachonipa shaka ni dozi. Kwenye maabara seli huwekewa kiasi ambacho damu ya mtu haiwezi kukifikia kwa kula. Flavonoidi nyingi hazifyonzwi, zinateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazivunja, na vipande hivyo ndivyo vinavyoingia mwilini. Ndiyo maana watu wawili wanakula kitunguu kilekile na miili yao inapata vitu tofauti.

---

Mfamasia wa Pwani

Sina cha kusahihisha, daktari. Hapo kwenye dozi umegusa kiini, kwa sababu matangazo mengi ya vidonge yanachukua matokeo ya seli za maabara au ya panya na kuyaandika kana kwamba ni ya binadamu.

Niongeze upande wa matumaini ili nisionekane nakataa kila kitu. Mwaka 2009 huko China watu 120 wenye mafuta ya damu yasiyo sawa walipewa antosiyanini miligramu 320 kwa siku au kidonge cha kuigiza, kwa wiki 12. LDL ilishuka kwa karibu asilimia 14 na HDL ikapanda kwa kiasi kama hicho. Hayo ni matokeo makubwa. Ni utafiti mmoja, wa watu ambao vipimo vyao vilikuwa vibaya tangu mwanzo, na nadhani ndiko flavonoidi zinakosaidia zaidi: mwenye lehemu ya kawaida hana kikubwa cha kushusha.

---

Neema J

Naomba kuuliza kuhusu soya. Kliniki moja waliniambia ninywe maziwa ya soya kila siku kwa ajili ya isoflavoni zishushe kolestro. Nimekuwa nikinunua kwa bei kubwa.

---

Mfamasia wa Pwani

Dada Neema, kisa cha soya ni cha kujifunza. Mwaka 1995 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha majumuisho ya tafiti yaliyoonyesha kwamba protini ya soya inashusha LDL kwa karibu asilimia 13. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu makampuni kuandika kwenye pakiti kwamba gramu 25 za protini ya soya kwa siku husaidia moyo. Isoflavoni zikasifiwa kila mahali. Tafiti zikaongezeka, na mwaka 2006 Chama cha Moyo cha Marekani kilipozipitia upya kikakuta LDL inashuka kwa asilimia 3 tu hivi, na isoflavoni zenyewe zikitolewa peke yake hazifanyi kitu. Mwaka 2017 mamlaka ileile ilipendekeza kuondoa ruhusa ya maandishi yale.

Soya bado ni chakula kizuri ukiiweka mahali pa nyama ya mafuta. Lakini kama bei inakuumiza, maharage yetu yanatosha. Majumuisho ya mwaka 2014 ya tafiti 26 yalionyesha kwamba gramu 130 hivi za maharage, dengu, kunde au mbaazi zilizopikwa kila siku hushusha LDL kwa asilimia 5. Hiyo inaishinda chai ya kijani mbali sana, na sababu kubwa ni nyuzinyuzi. Pakiti ya maziwa ya soya ni sawa na maharage ya siku ngapi hapo kwenu?

---

Neema J

Wiki nzima na zaidi. Asante, nimeelewa.

---

Kipusa

Wakuu, mimi ndiye ninayeuza virutubisho, nadhani nami nimesemwa. Navyouza vina dondoo ya chai ya kijani na kakao, vimesajiliwa na watu wanarudi kunishukuru. Kama chakula kinasaidia kidogo, kidonge kilichokolezwa si kitasaidia zaidi?

---

Mfamasia wa Pwani

Kipusa, nashukuru umejitokeza, na nakujibu kwa heshima.

Kwa kakao tuna utafiti mkubwa kabisa, COSMOS, wa Marekani: watu 21,442, vidonge vya dondoo ya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli (jamii ya katekini) kwa siku au vidonge vya kuigiza. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Matukio ya moyo na mishipa kwa ujumla hayakupungua kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa. Vifo vya moyo vilionekana kupungua kwa asilimia 27, na hilo linatia moyo, ila halikuwa swali kuu la utafiti, kwa hiyo linahitaji kurudiwa. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wako, na bado haisemi "acha dawa".

Kwa chai ya kijani iliyokolezwa kuna hatari. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2018 kwamba vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku vinaweza kuumiza ini. Chai ya kikombe haina shida hiyo. Ini la mgonjwa anayetumia statini tunalitazama kwa makini, halafu anaongezewa kidonge kama hicho bila daktari wake kujua.

Ombi langu kwako: usimwambie mteja aache dawa, na mwambie amtajie daktari anachotumia. Ukifanya hayo mawili, mimi na wewe hatuna ugomvi.

---

Kipusa

La kuacha dawa sijawahi kumwambia mtu, ila ni kweli sijawahi kuwauliza wanatumia nini. Nitaanza kuuliza.

---

Mwana wa Muheza

Sisi Muheza ni machungwa. Na mabalungi pia yapo. Nasikia balungi linayeyusha mafuta, baba yangu anakula moja kila asubuhi na anatumia simvastatini na dawa ya presha.

---

Mfamasia wa Pwani

Ndugu yangu, hili lisome leo na umpigie baba.

Balungi na simvastatini haviendi pamoja. Ndani ya balungi kuna kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zinazima kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa kabla haijaingia kwenye damu. Kikizimwa, dawa inaingia nyingi kuliko iliyokusudiwa. Kwa simvastatini hiyo inaweza kuleta maumivu ya misuli, na ikizidi misuli inavunjika na figo zinaumia. Atorvastatini nayo inaguswa, kwa kiasi kidogo zaidi. Rosuvastatini na pravastatini haziguswi kwa maana hiyo. Baadhi ya dawa za presha, kama felodipini na nifedipini, nazo zimo.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1989 Mkanada David Bailey alikuwa anachunguza felodipini na pombe, akatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, na dawa ikaonekana nyingi mno kwenye damu. Mwanzoni walishuku naringini, flavonoidi yake chungu. Baadaye ikaonekana mkosaji mkuu ni hizo furanokumarini. Na kwa kuwa kimeng'enya huchukua siku kadhaa kurudi, kula balungi asubuhi na dawa usiku hakusaidii.

Danzi nalo liepukwe. Chungwa la kawaida na chenza havina shida: ale nzima, na ule utando mweupe wa ndani asiutupe wote, ndiko hesperidini ilikojaa.

Umuulize kama misuli inamuuma au mkojo umekuwa na rangi ya strungi. Kama ndiyo, aende hospitali leo, asisubiri. Kama hana dalili, asitishe balungi na aendelee na dawa mpaka amwone daktari.

---

Mwana wa Muheza

Nimempigia. Anasema mapaja yamekuwa yakimuuma, alidhani ni uzee. Mkojo ni wa kawaida. Tunakwenda naye hospitali sasa hivi.

---

Fundi Maabara

Nawapongeza kwa uzi. Naomba niongeze ya jikoni, maana tumezungumza dawa sana. Kwesetini ya kitunguu imejaa zaidi tabaka za nje, kwa hiyo ukimenya toa ganda kavu tu. Vyekundu vina nyingi kuliko vyeupe. Ukichemsha, sehemu yake inahamia kwenye maji, basi mchuzi usimwagwe. Sukuma wiki na majani ya kunde tuyapike kwa maji kidogo.

Halafu kuna tui na mawese. Mtu anaweza kula vitunguu, zambarau na chai ya rangi siku nzima, jioni akapika kila kitu kwa tui zito. Mafuta ya aina hiyo, yale yanayoganda yakipoa, ndiyo yanayofunga ile milango ya LDL aliyoitaja daktari mtarajiwa. Kubadilisha mafuta ya kupikia kunaweza kushusha LDL kuliko flavonoidi nyingi zilizotajwa hapa.

---

Mfamasia wa Pwani

Fundi, umemaliza. Na vyakula vikikusanywa pamoja vinaweza kufika mbali. Mwaka 2003 David Jenkins wa Toronto aliwapa watu mlo uliounganisha nyuzinyuzi laini kama za shayiri na bamia, soya, lozi na steroli za mimea. Ndani ya mwezi LDL ilishuka kwa asilimia 28.6, na waliokula mlo wa kawaida wenye mafuta kidogo pamoja na lovastatini walishuka 30.9. Walipikiwa na kupimiwa kila kitu, nyumbani si rahisi hivyo, lakini inaonyesha kikomo cha chakula kiko mbali kuliko madaktari wengi wanavyowaambia wagonjwa.

---

Juma K

Wakuu nimesoma yote kimya. Nina miaka 34, mwembamba, sivuti, nakula mboga sana. Nimepima, LDL ni 5.6, kipimo kimeandikwa mmol/L. Baba alifariki ghafla akiwa na miaka 45. Nikaze kwenye chai ya kijani na maharage kwanza nione?

---

Fundi Maabara

Kaka Juma, 5.6 hiyo ukizidisha kwa 38.67 unapata karibu 217 kwa vipimo vya miligramu. Mpaka ambao miongozo inasema mtu aanzishiwe dawa bila kusubiri ni 190, yaani 4.9. Usisubiri.

---

Mfamasia wa Pwani

Juma, naungana na Fundi. Mtu mwembamba anayekula vizuri akiwa na LDL kama hiyo, na baba aliyeondoka mapema hivyo, daktari atafikiria lehemu ya kurithi. Huwapata watu wapatao mmoja kati ya 250 hadi 300. Milango ya LDL kwenye ini ina kasoro tangu kuzaliwa, na chakula peke yake hakiwezi kuifidia. Hukukosea kula. Kama uko karibu na Dar es Salaam, omba rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tazama pia kano la nyuma ya kisigino kama limevimba au lina vinundu, umwambie daktari.

Chai na maharage endelea navyo, vitaisaidia dawa kidogo. Una ndugu?

---

Juma K

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 29, na mtoto wangu wa miaka tisa. Nipime tena lini baada ya kuanza dawa?

---

Fundi Maabara

Kati ya wiki 4 na 12, maabara ileile kama unaweza. Usipime ukiwa na homa au umetoka kuugua, maana ugonjwa hushusha LDL kwa muda na utadhani umepona. Kama triglisaridi zilikuwa juu, kaa na njaa kwa muda wa saa 9 hadi 12 kabla ya kupima, maji tu.

---

Mfamasia wa Pwani

Na mdogo wako apimwe wiki hii, mtoto pia. Kama ni ya kurithi, kila mmoja wao ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na dada yako akiwa na mpango wa kushika mimba amwambie daktari kabla ya kuandikiwa statini. Ukipata majibu yao tuandikie hapahapa, au niandikie pembeni kama hutaki kuyaweka wazi.